Sabuni ya Mama wa Eda



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), aliyeyajaalia maji kuwa tahara ya waja na uhai wa ardhi. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu watukufu, baada ya darsa ya akina mama ya mwezi uliopita tuliulizwa maswali mawili. La kwanza: je, maji yaliyofuliwa nguo yafaa kumwagiwa mboga na miti ya nyumbani? La pili: je, mwanamke anayetengeneza mboji kwa samadi ya punda huharibikiwa na tahara yake, na je, aweza kuiuza? Tuliahidi kujibu katika safu hii. Tumeona tusijibu kwa vitabu peke yake, kwani mambo haya tuliyasoma chuoni tukiwa vijana, tukayajua kwa ulimi, lakini hatukuyajua kwa mikono mpaka mwaka jana.

Mwaka jana mkwe wetu, baba wa ahali yetu, alifariki dunia huko kisiwani Pate, Allah amrehemu na amuweke pema. Mkwe wetu mama akaingia eda ya miezi minne na siku kumi. Ahali yetu alitaka kukaa na mamake muda huo wote, nasi tukafuatana naye pamoja na binti yetu na mwanawe wa miaka mitatu. Nyumba yenyewe iko ukingoni mwa mji. Haina stima, na taa zake ni za jua. Haina mfereji wala bomba la kuondoa maji machafu. Maji ya kunywa na kupikia hutoka jabia, ile hifadhi ya maji ya mvua ambayo wazee wetu waliijenga kwa mawe na chokaa. Maji ya kufulia hutoka kisimani, nayo ni ya munyu. Jabia lenyewe ni la nyumba nne, na mvua ya vuli mwaka huo ilikuwa haba.

Jambo la sabuni lilianza kwa hukumu ya sharia. Mjane aliye katika eda hukaa mbali na manukato, mwilini na nguoni. Siku ya tano mama aliinusa kanga iliyotoka kufuliwa, akairudisha kwa heshima, akasema, "Mwanangu, hii yanukia kama ya harusi." Tulikwenda madukani tukazikagua sabuni za unga na za vipande, na nyingi kati yake zina harufu za maua na ndimu. Ndipo mama aliposema kwamba alipokuwa mtoto watu hawakununua sabuni kila wiki, na kwamba yeye atatuelekeza akiwa ndani, nasi tufanye kazi uani.

Mkunazi, jivu na magadi

Kitu cha kwanza alichotutuma kilikuwa majani ya mkunazi. Kila mmoja wetu anaujua mkunazi kwa sababu majani yake hutumika kuoshea maiti, kama Mtume (S.A.W.) alivyowaelekeza wanawake waliomuosha binti yake. Wengi wetu tumeyaacha majani hayo kwa maiti tu, tukasahau kwamba yalikuwa sabuni ya walio hai vilevile. Yakikaushwa kivulini, yakatwangwa na kuchekechwa, unga wake ukipigwapigwa katika maji ya uvuguvugu hutoa povu. Si povu la kufurika beseni, bali hung'oa jasho na mafuta bila kuchubua rangi. Unafaa kwa buibui jeusi, kwa hariri na kwa nywele. Haufai kwa kanzu nyeupe, kwani huacha ukijani.

Cha pili ni maji ya jivu. Chukua ndoo kuukuu, itoboe matundu madogo chini, tandaza makumbi au nyuzi za nazi, kisha ujaze jivu lililochekechwa. Jivu liwe la kuni ngumu au la makumbi ya nazi. Lisiwe la mbao zilizopakwa rangi, wala la jiko lililochomewa plastiki. Mimina maji ya mvua kidogo kidogo, na uweke chombo chini kupokea. Yatokayo ni maji ya rangi ya chai, yenye utelezi vidoleni. Kata moja katika ndoo ya maji hulegeza uchafu wa mashuka na nguo za kazi. Nguo za hariri na za sufi zisitiwe humo, kwani maji hayo huzila. Naye afuaye asiyatumie bila kuyazimua, kwa sababu yakiwa makali huchoma ngozi.

Cha tatu ni magadi, yale yale yatokayo Ziwa Magadi kule Kajiado. Hapa inafaa tueleze kwa nini maji ya kisima hukataa sabuni. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Maji hupita ndani yake yakayeyusha chokaa. Sabuni ikiingia katika maji hayo, badala ya kutoa povu hushikana na chokaa ikawa utando mweupe unaoganda kwenye beseni na kwenye nguo. Mwanamke huongeza sabuni, na utando nao huongezeka. Nguo nyeupe hugeuka kijivu, na afuaye hulaumiwa kwa uvivu ilhali kosa ni la maji. Kijiko kimoja cha magadi katika ndoo, kikakorogwa na kuachwa kwa muda, huikamata chokaa kabla haijaikamata sabuni. Msomaji wa Mombasa anayefulia maji ya kisima cha mtaani ajaribu wiki hii, ataona tofauti.

Sabuni ya nazi

Sabuni iliyo bora kwa maji ya munyu ni ile ya mafuta ya nazi, kwani hutoa povu hata katika maji ya bahari. Mabaharia waliijua siri hii zamani. Tulitengeneza sisi wenyewe, na vipimo vyetu ni hivi: mafuta ya nazi kilo 1, kostiki soda gramu 175, na maji ya mvua gramu 350. Vitu hivi hupimwa kwa mizani, havipimwi kwa kikombe wala kwa macho. Kostiki ikizidi, sabuni huchoma. Mafuta yakizidi sana, sabuni huwa laini na huvunda.

Kazi ifanyike nje penye upepo, mikono ikiwa ndani ya glavu na macho yamefunikwa. Kostiki hutiwa ndani ya maji taratibu. Kamwe maji yasitiwe juu ya kostiki, kwa sababu yataruka. Yatachemka yenyewe bila moto, nayo yaachwe yapoe mpaka chombo kiweze kushikika. Sufuria zetu za aluminiamu hazifai kabisa, kwani kostiki huzila na kutoa hewa inayoweza kuwaka. Tumia chombo cha plastiki ngumu au cha chuma kisichoshika kutu. Kisha maji hayo yamiminwe ndani ya mafuta yenye joto la kiasi, na mchanganyiko ukorogwe kwa mwiko wa mti mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Mimina kwenye kisanduku kilichotandazwa karatasi. Sabuni ya nazi huwa ngumu upesi, hivyo ikatwe kabla ya siku kupita, nayo ikae kivulini wiki nne ndipo itumike.

Sabuni yetu ya kwanza ilitoka nyeupe, haina harufu ila ya nazi kwa mbali. Mama aliinusa, akaitia chini ya mto wake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Tulifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyotupofusha.

Yaliyotufika

Tulikuwa tukitayarisha mkupuo wa pili. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, na uani mlikuwa na nguo zimeanikwa. Tulikuwa tumeyeyusha kostiki ndani ya kikombe kikubwa cha plastiki, kile kile ambacho nyumbani hutumiwa kunywea maji, kwa sababu kilikuwa na alama za kipimo. Tukakiweka juu ya baraza kipoe. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Tukavua glavu, tukatia udhu, tukaenda zetu msikitini tukiwa na hakika kwamba tunakwenda kwenye kheri.

Tuliporudi tulikuta kilio. Mjukuu wetu alikuwa ametoka kucheza akiwa na kiu, akaona kikombe anachokijua kina maji meupe, akakitia mdomoni. Kwa rehma za Mola alitema palepale, lakini mdomo wa chini na ncha ya ulimi vilikwisha kuungua. Mamake alikuwa akimsukutua kwa maji, na jirani mmoja alikuwa amekwisha kukamua ndimu, akidhani kwamba ukali wa ndimu utaukata ukali wa kostiki. Alhamdulillahi, ahali yetu alikataa.

Wanaovijua visiwa vile wanajua kwamba mashua haitoki ila maji yakiwa yamejaa. Siku hiyo yalikuwa yamejaa. Tungechelewa saa mbili, tungekaa na mtoto mpaka usiku tukiyangoja. Tulivuka hadi Lamu, na daktari akamlaza siku mbili kumuangalia koo. Alitufahamisha mambo ambayo tunawasihi wazazi wayahifadhi. Aliyemeza kostiki asitapishwe, kwani itamuunguza mara ya pili ikipanda. Asipewe siki wala ndimu. Mdomo usukutuliwe kwa maji, na safari ya hospitali ianze mara moja hata kama mtoto ameacha kulia. Ikiwa imemwagikia ngozi au jicho, panyweshwe maji mengi ya kutiririka kwa dakika 20 au zaidi kabla ya jambo lingine lolote. Koo la mtoto lilisalimika. Mdomoni amebaki na kovu dogo, na kila anapotukimbilia kutupa mkono tunaliona.

Katika mashua tulijaribu kujipa udhuru. Tulijiambia kwamba tulikwenda kuswali, na kwamba aliyejibu mwito wa Mola wake hana lawama. Tuliporudi tukamueleza mama, naye hakutulaumu wala hakutuliwaza. Alisema tu, "Adhana haikukukataza kukifunika kikombe, mwanangu."

Tumefundisha fiqhi zaidi ya miaka ishirini, na hatujapata jibu la maneno hayo. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Hatukuambiwa kwamba mchunga husamehewa alichokiacha wazi akiwa njiani kwenda msikitini. Ibada haimuondolei mtu dhamana ya kitu alichokiweka kwa mkono wake mwenyewe. Tunaliandika hili kwa haya, ili baba mwingine asijifiche tulipojaribu kujificha sisi.

Kutokana na hayo, rai yetu imebadilika. Nyumba yenye watoto wadogo na isiyo na chumba au kabati la kufungwa kwa kufuli isiingize kostiki kabisa. Mkunazi, jivu na magadi vinatosha, na kipande cha sabuni isiyo na manukato hupatikana dukani kwa atakayetafuta kwa subira. Mwenye mahali pa kufungia na afanye kwa masharti: kostiki ibaki katika mkebe wake wenye jina, isiwekwe hata siku moja katika chupa ya soda wala chombo cha kunywea, na aliyeianza kazi asiondoke mpaka aimalize. Akisikia adhana, ama amalize kwanza, kwani wakati wa sala una upana, ama amuachie mtu mzima asimame hapo. Maji makali ya jivu nayo yafunikwe vivyo hivyo.

Kufua kwa maji machache, na tahara kusalimika

Tulirudi kwenye vipande vyetu vya mkupuo wa kwanza, tukatafuta namna ya kupunguza maji. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kadiri ya ujazo wa vitanga viwili vya mikono vya mtu wa kiasi, na akioga kwa pishi, yaani mudi nne, na huenda akafikia mudi tano. Sisi tulikuwa tukiosha kanzu moja kwa ndoo nzima.

Utaratibu tuliouzoea ni wa ndoo tatu. Nguo huanza kulowekwa katika ndoo ya kwanza yenye magadi au maji ya jivu, usiku kucha. Asubuhi hufuliwa kwa sabuni kidogo katika maji yaleyale, zikaanza nyeupe, zikafuata za rangi, na za kazi zikawa za mwisho. Hukamuliwa sana kabla ya kuingia ndoo ya pili ya kusuuzia, kwa maana nguo isiyokamuliwa hubeba povu na kuchafua maji yanayofuata. Ndoo ya tatu ni ya maji safi. Siku ya pili ya kufua, maji ya ndoo ya tatu huwa ndiyo ya kulowekea. Nguo za watu watano, zilizokuwa zikila ndoo kumi, zikawa zinatosheka kwa ndoo nne.

Ila pana jambo ambalo akina mama hulikosea mara nyingi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyo chini ya kula mbili, takriban lita 200, hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika. Basi nguo yenye mkojo au damu ikitumbukizwa katika ndoo, ndoo yote imenajisika na nguo zote zilizomo zimenajisika. Njia iliyo sahihi ni kuondoa kwanza dhati ya najisi, kisha nguo iwekwe katika beseni tupu na maji yamiminwe juu yake mpaka iondoke rangi, harufu na ladha. Kata mbili tatu za maji hutosha. Baada ya hapo ndipo nguo ijumuike na wenzake. Wala tusidhani kwamba sabuni ndiyo itoharishayo. Maji yaliyobadilika sana kwa sabuni ni tohara, lakini hayatoharishi. Kinachotoharisha ni maji matupu.

Maji yaliyobaki

Sasa tunalijibu swali la kwanza. Maji yaliyofuliwa nguo zisizo na najisi ni tohara, na hapana ubaya kuyamwagia mimea. Maji ya kwanza ya nepi na nguo zenye damu yamwagwe shimoni mbali na kisima. Hata kama ni kwa mgomba usioliwa mbichi, afya inataka tahadhari.

Lakini hukumu ya kufaa kwa mmea ni nyingine, na hapa mkulima ndiye wa kuulizwa. Sabuni ya kostiki na magadi huacha chumvi ya sodiamu udongoni. Ikimwagwa mahali pamoja kila wiki, udongo hushikana, maji hayapenyi, na mmea hudhoofu. Mnazi huvumilia chumvi, ndiyo maana huota ufukweni; mgomba hauvumilii. Maji ya jivu hayako hivyo, kwani chumvi yake ni ya potasiamu, nayo ni chakula cha mimea. Basi maji ya sabuni yaende kwa minazi, kwa zamu, mnazi huu leo na ule wiki ijayo. Maji ya jivu yaliyozimuliwa yaende kwa migomba. Yamwagwe shinani, yasimwagwe juu ya majani, wala yasilazwe zaidi ya siku moja, kwani hunuka na kuleta mbu.

Mboji na samadi

Nyumba isiyo na gari la taka hutupa wapi taka zake? Wengi hutupa ufukweni, bahari ichukue. Bahari huchukua, kisha hurudisha. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2017 fukwe zimepumua kidogo, na sheria ya taka ya mwaka 2022 imetaka kila nyumba itenge taka zinazooza na zisizooza. Tulipozitenga tuliona kwamba sehemu kubwa ya pipa letu ilikuwa ni rizki ya ardhi: maganda, machicha ya nazi, majani ya chai, magamba ya samaki na majani yaliyofagiliwa uani.

Mboji hutengenezwa kwa tabaka. Tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu, makuti yaliyokatwakatwa na nyuzi za makumbi, liwe nene mara mbili au tatu kuliko tabaka la vitu vibichi, kama maganda, machicha na magugu. Mwani ulioletwa na maji hufaa sana, ila uachwe kwanza unyeshewe na mvua utoke chumvi. Mabaki ya samaki yazikwe katikati kabisa, paka wasije wakafukua. Fungu liwe na kimo na upana wa karibu mita moja, liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na ligeuzwe kila baada ya wiki moja au mbili. Likianza vyema hupata joto ndani hata mkono usivumilie, na joto hilo huua mbegu za magugu na vijidudu. Likinuka, limezidi ubichi na kukosa hewa: ongeza makavu, geuza. Likitulia bila joto, ni kavu mno au halina kibichi. Baada ya miezi mitatu hivi huwa jeusi, lenye harufu ya udongo uliopata mvua. Likae mbali na kisima na jabia, upande wa mteremko wa chini.

Ama samadi ya punda, nayo ni nyingi visiwani ambako punda ndiye gari, hukumu yake yataka ufafanuzi. Kwetu Mashafi, mavi ya wanyama ni najisi, na kuoza hakuibadilishi najisi ikawa tohara. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wana upana katika hilo. Hata hivyo, kuitia ardhini kwa ajili ya kurutubisha kunajuzu, ingawa kuna karaha, na mazao yanayoota ni tohara na halali. Sehemu iliyoguswa na samadi ioshwe. Kwa hiyo tahara ya mwanamke haiharibiki kwa kutengeneza mboji. Udhu wake hautenguki, ila aoshe mikono na abadilishe nguo kabla ya kuswali. Sisi tulifanya mafungu mawili: moja la vitu tohara tupu, lililo karibu na jiko na ambalo kila mtu hulishika, la pili la samadi, lililo nyuma ya nyumba, lenye jembe lake na kanzu yake kuukuu. Samaki mfu ni tohara na chakula kilichooza si najisi, kwa hivyo fungu la kwanza halina mashaka.

Kuhusu kuuza: katika madhehebu yetu najisi haiuzwi. Njia waliyoieleza wanavyuoni ni kwamba mwenye nayo hupokea malipo kwa kuiondolea mkono, yaani kumuachia mwenzake haki yake. Vilevile kijana anayezoa samadi na kuibeba hadi shambani analipwa ujira wa kazi yake, nao ni halali. Anayetaka biashara ya kuuza mboji kwa magunia, basi fungu la tohara ndilo lililo salama zaidi.

Nasaha ya mwisho

Tumeandika haya kwa wote, lakini neno la mwisho ni letu wanaume. Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake na kuwahudumia watu wa nyumbani mwake. Sisi tulifikisha miaka zaidi ya hamsini bila kujua kwamba ndoo ya maji ya kisima yataka sabuni mara mbili, kwa sababu hatukuwahi kuinama juu ya beseni. Tulikuwa tukiulizwa na akina mama juu ya tahara ya nguo, tukawajibu upesi, nao wakirudi nyumbani kubeba maji ambayo jibu letu liliwazidishia. Mwenye kufutu juu ya maji na ayateke kwanza.

Eda ya mama ilimalizika. Siku hiyo alifua nguo zake mwenyewe kwa kipande cha mwisho cha ile sabuni, akaanika, kisha akatuagiza tuchukue miche miwili ya mkunazi iliyoota kando ya fungu la mboji. Mmoja tumeupanda pale uani kwake, na mwingine tumekuja nao Mombasa. Mjukuu wetu ndiye anayeumwagia maji kila alasiri, kwa kikombe chake mwenyewe, nasi tukiwa tumekaa hapo karibu naye mpaka amalize.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awarehemu wazee wetu waliotangulia, awalinde watoto wetu na madhara tunayoyaacha wazi, ayabariki maji ya visima na majabia yetu, na azijaalie nyumba zetu kuwa safi za nje na za ndani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.